Kisigino cha baba na safari ya maporomoko ya Sanje

Chukulia baba mmoja wa Ifakara, miaka 43, mfanyakazi wa ofisini siku za wiki na mchezaji wa timu ya maveterani kila Jumapili. Saa kumi na mbili asubuhi anashusha miguu kitandani, anasimama, na hatua ya kwanza inamfanya ashike ukuta. Nyuma ya kifundo cha mguu wa kulia, juu kidogo ya kisigino, kuna maumivu kama kamba iliyokauka inayovutwa kwa nguvu. Anachechemea hadi bafuni. Akirudi, maumivu yamepungua. Akifika kazini ameshayasahau.

Hali hiyo ina wiki sita sasa. Zimebaki wiki tatu shule zifungwe mwezi Juni, na tangu Krismasi aliwaahidi watoto kwamba mwaka huu watapanda kuyaona maporomoko ya Sanje.

Mkewe anasema, "Baba watoto, safari tuiahirishe, mguu huo si mzima." Yeye anajibu kwamba atakaza tu. Jirani anamshauri akachuliwe kwa mafuta ya moto. Rafiki wa timu anamwambia kuna sindano, akichomwa moja anapona siku hiyo hiyo. Mtoto wa mwisho hana ushauri. Ana swali moja tu, analiuliza kila jioni: "Baba, bado siku ngapi?"

Familia hii ni ya mfano, lakini wazazi wengi wataitambua. Maumivu ya aina hii huwapata sana watu wa umri wa kati ambao bado wanacheza mpira, wanakimbia au wanafanya kazi za kusimama. Swali lao huwa ni lile lile: niende au nisiende? Jibu halipatikani siku ya safari mguuni mwa mlima. Linatafutwa wiki kadhaa kabla, nyumbani, na kipimo chake kikubwa ni ile hatua ya kwanza ya asubuhi.

Si mshipa, ni kano

Mitaani karibu kila kinachouma mguuni huitwa mshipa. Hapa kinachouma ni kano, yaani ukamba mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Kano ya kisigino ndiyo nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini. Inaanzia kwenye misuli ya kigimbi na kushikamana na mfupa wa kisigino. Kila mtu anaponyanyua kisigino ili asonge mbele, apande ngazi au aruke, kano hiyo ndiyo inayobeba kazi.

Kano hujengeka taratibu na hupona taratibu, kwa sababu haipati damu nyingi kama msuli. Ikizidishiwa kazi ghafla kuliko ilivyozoea, nyuzi zake huanza kuvurugika. Huvimba kidogo, huwa ngumu asubuhi, huuma mwanzo wa mazoezi, kisha hulegea mwili unapopata joto. Hapo ndipo mtu anapodanganyika. Anaona maumivu yamekwisha uwanjani, anacheza dakika zote tisini, na kesho yake asubuhi anashika tena ukuta.

Neno la kushika hapo ni "ghafla". Mtu wa Ifakara amezoea ardhi tambarare. Mji uko kwenye bonde la Kilombero, na wengi huendesha baiskeli au kutembea bila kukutana na kilima. Njia ya Sanje ni kinyume chake: inapanda kwa mwinuko mkali ndani ya msitu. Kwenye kupanda, unyayo hukunjwa kuelekea juu na kano ya kisigino huvutwa zaidi katika kila hatua. Kano ambayo haina shida yoyote tambarare inaweza kulalamika mlimani ndani ya nusu saa.

Kulala si dawa, kukaza si dawa

Familia nyingi hujua njia mbili tu. Ya kwanza ni kupumzika kabisa. Mtu anakaa wiki mbili bila kufanya lolote, maumivu yanatulia, anarudi uwanjani, na siku ya kwanza tu yanarudi. Sababu ni kwamba kano isiyopewa kazi hudhoofika. Imekaa kimya, lakini haijapata nguvu mpya.

Njia ya pili ni kukaza. Mfano wake mkubwa unatoka hapa hapa Afrika Mashariki. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alikwenda kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 akiwa anasumbuliwa na kano ya kisigino. Alishinda dhahabu ya mita 10,000, akimpita Paul Tergat wa Kenya kwa sekunde 0.09 tu. Watu wanaikumbuka picha ya mstari wa mwisho. Wachache wanakumbuka kwamba baada ya hapo alifanyiwa upasuaji wa kisigino na akakaa miezi mingi nje ya mashindano. Yeye alikuwa na madaktari pembeni, na kukimbia ndiyo kazi yake. Baba wa Ifakara Jumatatu anatakiwa ofisini, na bodaboda ya kwenda na kurudi kila siku ni hela.

Kuna njia ya tatu, na hiyo ndiyo wataalamu wa mazoezi tiba wanayoifuata leo: kuipa kano kazi iliyopimwa, kila siku kidogo, hadi izoee.

Njia hiyo ilipata nguvu kutokana na kazi ya daktari wa mifupa wa Uswidi, Håkan Alfredson. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe aliumwa kano ya kisigino, akaomba afanyiwe upasuaji, na mkubwa wake akakataa akisema hali yake si mbaya kiasi hicho. Alfredson akaamua kuuchosha mguu kwa mazoezi makali ili uharibike zaidi na wakubali kumpasua. Badala ya kuharibika, ukapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji wa kujifurahisha 15 waliofanya zoezi hilo kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba si kila mtu hupona vizuri hivyo, lakini mazoezi ya kuimarisha kigimbi yamebaki kuwa tiba ya kwanza.

Zoezi la kwenye ngazi

Zoezi lenyewe halihitaji mashine. Mtu anasimama kwenye kingo ya ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, akishika ukuta kwa mkono mmoja. Anajiinua kwa miguu yote miwili. Kisha anahamishia uzito kwenye mguu unaouma na kushuka polepole, akihesabu moja hadi tatu, mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Anajiinua tena kwa miguu miwili, anarudia.

Katika mpango wa Alfredson, hufanywa mara 15, kwa mizunguko mitatu goti likiwa limenyooka, na mizunguko mitatu mingine goti likiwa limekunjwa kidogo. Ni mara mbili kwa siku, kila siku, kwa wiki 12. Anayeanza anaweza kufanya pungufu na kuongeza kadiri mguu unavyozoea.

Ila kuna tofauti moja ya kuzingatia. Maumivu yakiwa katikati ya kano, vidole kadhaa juu ya kisigino, zoezi la ngazini linafaa. Yakiwa chini kabisa, pale kano inaposhikamana na mfupa, kushusha kisigino chini ya ngazi huibana kano kwenye mfupa na kuongeza maumivu. Huyo afanye kwenye sakafu tambarare, na aache kujinyoosha kwa kusukuma ukuta.

Na hapa ndipo mzazi anapaswa kuwa mkweli na kalenda. Wiki 12 ni miezi mitatu, na baba wa mfano wetu ana wiki tatu. Wiki tatu hazitamponya. Zinachoweza kufanya ni kumwonyesha ni safari ya aina gani mguu wake utaibeba.

Asubuhi ndiyo hakimu

Wataalamu hutumia kipimo rahisi cha maumivu kutoka 0 hadi 10. Sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni maumivu yasiyovumilika. Kwa kano ya kisigino, maumivu wakati wa mazoezi hayakatazwi kabisa. Yanaweza kuruhusiwa kufika 5, kwa sharti moja: kesho yake asubuhi yawe yameshuka, na kwa ujumla hali isizidi kuwa mbaya wiki hadi wiki.

Kwa hiyo baba anaweza kuweka daftari dogo karibu na kitanda, au kuandika kwenye simu. Kila asubuhi, kabla ya chai, anaandika namba ya hatua ya kwanza. Jana alitembea dakika 30, leo asubuhi ni 3 kama kawaida yake: kazi ya jana ilikuwa sawa. Jana alicheza mpira, leo ni 6: kazi ilizidi, apunguze.

Wiki ya kwanza aache mpira, kwa sababu kukimbia kwa kasi na kuruka huipa kano mzigo mkubwa kuliko kutembea. Aendelee kutembea tambarare na kuanza zoezi la ngazini. Wiki ya pili atafute mahali pa kupanda, hata kama ni ngazi za jengo la ghorofa, na aongeze muda kidogo kidogo. Mwisho wa wiki hiyo ajipime: saa moja ya kutembea yenye kupanda na kushuka, kwa viatu vile vile atakavyovaa safarini. Kisha asubiri hukumu ya asubuhi. Wiki ya tatu apunguze, na siku mbili za mwisho kabla ya safari aupumzishe mguu na kazi nzito.

Jaribio jingine ni la dakika moja. Asimame kwa mguu unaouma peke yake na kujaribu kuinua kisigino. Akishindwa kuinuka hata mara moja, mlima usubiri. Huyo anahitaji kumwona daktari kabla ya kuzungumzia safari.

Dawa zinazoweza kuumiza zaidi

Kumeza diklofenaki asubuhi ili kupanda mlima bila maumivu ni kuizima kengele huku nyumba inaungua. Maumivu ndicho kipimo pekee alicho nacho mtu akiwa njiani. Akikizima, hatajua ni wapi pa kusimama.

Sindano ya steroidi inayochomwa ndani au karibu na kano ya kisigino inaweza kupunguza maumivu kwa muda, lakini pia inaweza kuidhoofisha kano mpaka ikakatika. Si jambo la kufanyiwa dukani au uwanjani ili kuwahi safari.

Kuna dawa nyingine ambayo wengi hawaihusishi kabisa na miguu. Siprofloksasini, ambayo watu huiita "sipro" na hutumika kwa maambukizi ya mkojo na tumbo, ni ya kundi la antibayotiki zinazojulikana kuongeza hatari ya kano kuuma na kukatika. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza ziwekewe onyo kali kuhusu jambo hilo. Levofloksasini ni ya kundi hilo hilo. Hatari ni kubwa zaidi kwa wenye zaidi ya miaka 60 na kwa wanaotumia vidonge vya steroidi. Hii haina maana ya kuacha dozi uliyoandikiwa. Ina maana ya kutojinunulia dawa hizo bila kupimwa, na kumwambia daktari mapema endapo kisigino kinaanza kuuma ukiwa unazitumia.

Na kuchua kwa mafuta ya moto? Kukanda kigimbi taratibu kunaweza kumpa mtu nafuu. Kukandamiza kwa nguvu pale penyewe panapouma kunaichokoza kano.

Njiani Sanje

Kijiji cha Sanje kiko kwenye barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, kati ya Kidatu na Mang'ula, ambako ndiko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Ndani yake hakuna barabara za kutalii kwa gari. Kila kitu huonekana kwa miguu, na wageni hutembea na mwongozaji wa hifadhi. Maporomoko ya Sanje yanaanguka kwa hatua tatu, jumla ya mita zipatazo 170. Kupanda na kurudi ni kazi ya nusu siku. Msitu huo ndio nyumba ya ngolaga, nyani wa Sanje ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979, na haishi porini popote duniani nje ya milima hii ya Udzungwa.

Kwa mwenye kisigino kibovu, mambo machache hupunguza mzigo. Viatu viwe vya kufunga, vyenye kisigino kilichoinuka kidogo kuliko mbele. Kandambili na raba bapa huivuta kano zaidi. Hatua ziwe fupi, na unyayo wote ukanyage chini badala ya kupanda kwa vidole. Fimbo mkononi husaidia kupanda, na husaidia zaidi kushuka, kwani njia ya msituni huteleza. Begi la maji na chakula libebwe na mwingine. Na mtoto mdogo akichoka, asipandishwe mabegani mwa baba huyo. Kilo 15 za mtoto ni kilo 15 juu ya kano.

Jambo la muhimu kuliko yote lifanyike getini: kumwambia mwongozaji ukweli. "Mguu wangu una shida, huenda nikaishia njiani." Kwa kuwa mtu hapaswi kuachwa peke yake msituni, familia iulize mapema kama inawezekana kupata waongozaji wawili, ili baba akigeuka, mama na watoto waendelee. Isipowezekana, wakubaliane kabla ya kuanza kwamba mmoja akishindwa, wote wanageuka. Mapatano hayo ni rahisi getini. Yakiachwa hadi katikati ya mlima, watoto wakiwa wanasikia mvumo wa maji, baba atadanganya kwamba haumii.

Na iwapo vipimo vya nyumbani vimekataa, safari si lazima ife. Karibu na makao makuu ya Mang'ula kuna maporomoko madogo ya Prince Bernhard, ambayo njia yake ni fupi. Watoto watasikia msitu, huenda wakawaona mbega, na baba atakuwepo.

Ikilia "paa!"

Dalili moja haina mjadala. Mtu anahisi kama amepigwa teke au jiwe nyuma ya kisigino, pengine akasikia mlio, akigeuka hakuna mtu. Ndivyo kano inavyokatika. Machi 2010, David Beckham akiichezea AC Milan alisimama ghafla uwanjani bila kuguswa na yeyote. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika, na akakosa Kombe la Dunia la Afrika Kusini.

Anayepatwa na hilo anaweza bado kutembea kwa kuburuta mguu, na ndiyo maana wengine hudhani wameteguka tu na kukaa nyumbani wiki nzima. Asijaribu kushuka mlima kwa mguu huo. Abebwe, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa eneo hilo kubwa ni ile ya Mtakatifu Fransis mjini Ifakara. Kano iliyokatika hutibika, kwa upasuaji au kwa kufungwa mguu ukiwa umeelekezwa chini, lakini kuchelewa huharibu matokeo.

Vile vile, kigimbi cha mguu mmoja kikivimba, kikawa na joto na kuuma baada ya safari ndefu ya basi, hilo linaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa. Si suala la mazoezi, ni la hospitali mara moja.

Wazazi wasisahau pia visigino vya watoto. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayecheza sana na kulalamika kisigino kinauma mara nyingi ana shida kwenye sehemu ya mfupa inayokua, pale kano inapovuta. Hupungua kwa kupunguza michezo kwa muda na kuvaa viatu vizuri, na huisha anapokua. Asiambiwe ni mvivu.

Ahadi

Wengi wanaopanda na mguu mbovu hawapandi kwa ajili ya maji. Wanapanda kwa sababu waliahidi. Watoto nao hukumbuka ahadi kuliko wanavyokumbuka mita 170.

Lakini ahadi inaweza kuelezwa. Baba anaweza kumwita mtoto wa mwisho karibu na lile daftari na kumwonyesha namba: 4, 4, 3, 5, 3. "Ikibaki tatu hadi Ijumaa, tunapanda Sanje. Ikifika sita, tunakwenda ile njia fupi ya Mang'ula, na Sanje tunaipanda Desemba mguu ukipona." Mtoto wa darasa la tatu anaelewa hesabu hiyo. Huenda kesho yake asubuhi ndiye atakayekuja wa kwanza mlangoni, na penseli mkononi, kuuliza: "Baba, leo ni ngapi?"